Mtu Aliyejua Kilichomo Horini

Kabla ya kumsalimia mtu yeyote, Meneja alitazama mavi. Alifika bandani saa kumi na moja na nusu alfajiri, koti zito la mitumba limefungwa vifungo hadi kooni, akapita nyuma ya ng'ombe badala ya mbele, akisukuma kila rundo kwa ncha ya buti. Hili laini mno, hili gumu mno, hili lina punje za mahindi zilizopita nzima. Akishamaliza mstari wote wa ng'ombe thelathini na wanne wa maziwa ndipo aligeuka na kutuambia, "Kamwene," nasi tukaitikia, "Kamwene." Wakati huo alikuwa tayari anajua nani alilishwa nini jana, na mlishaji gani alikuwa amepunja pumba akapelekea kuku wake nyumbani.

Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka sita, katika shamba la misheni lililo njiani kati ya Njombe na Makambako. Jina lake ninalijua, na wapo wengi wanaolijua, lakini hapa nitamwita kama tulivyomwita. Sasa cheo hicho ninacho mimi. Watu wananiita Meneja na ninaitika, ila ndani sisikii kitu. Afadhali niseme mapema: cheo hiki nilikipata kwa sababu ya kosa langu, kosa ambalo yeye alilibeba mbele za watu, na mimi nilikaa kimya miaka miwili. Yaliyobaki ni maelezo.

Nilifika kwake na vyeti vyangu kwenye bahasha ya nailoni, nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa na diploma ya mifugo na nilikuwa nimeomba kazi sehemu tisa. Nyumbani kwetu, karibu na Kidugala, baba alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake atakuwa meneja wa shamba. Kwake yeye, kazi ya mifugo bila umeneja ilikuwa kuchunga tu, na kuchunga alikuwa amechunga yeye bila kwenda chuo. Meneja hakuifungua bahasha. Alinionyesha ng'ombe mmoja aliyelala karibu na uzio, akaniuliza, "Yule anatafuna tonge moja mara ngapi akicheua?"

Nikasema ng'ombe ana matumbo manne.

"Sijakuuliza matumbo, binti."

Nikapindua ndoo, nikakaa, nikahesabu. Hamsini na nane. Hamsini na tano. Sitini na moja. Aliporudi nikamtajia. Akasema ng'ombe anayetafuna chini ya arobaini ana jambo lake, na mtu asiye na subira ya kukaa kwenye ndoo akahesabu taya za ng'ombe akatafute kazi benki. Kisha akanipa sepetu. Wiki tatu nilizoa mavi kwa vile viatu vya kanisani kabla mabuti yangu hayajaletwa, na mwisho nilivitupa.

Hakupenda kuambiwa kwamba ng'ombe anaumwa. Ukienda mbio kumwambia, "Meneja, namba kumi na saba anaumwa," alikutazama kama aliyeambiwa kwamba mvua ni maji. "Umeona nini?" Ulitakiwa useme sikio moja limelala, au ameacha nusu ya pumba, au amesimama mgongo umekunjwa. Jina la ugonjwa lilikuwa lake. Mwaka wangu wa kwanza nililia mara mbili chooni kwa ajili ya maswali yake, na mara zote mbili alijua, maana niliporudi alinipa kazi ya kuosha ndoo kwa maji ya moto, akasema mvuke unasaidia macho.

Na alionja. Mtu asiyemjua alidhani ni kichaa. Pumba, mashudu ya alizeti, chumvi ya mawe, molasi, majani yaliyochachushwa shimoni, vyote alichukua kidogo kwa vidole viwili akaweka ulimini, akatafuna huku akitazama mbali. Alishawahi kurudisha lori zima la mashudu hadi Makambako kwa sababu yalikuwa na ladha ya ukungu. Mwenye lori alipiga kelele, akauliza huyu mzee ni ng'ombe au ni mtu. "Mimi ni mlango wa hori," Meneja akamjibu. "Kitu kisichopita kwangu hakiingii." Baada ya hapo wauzaji walikuwa wakimletea kwanza sampuli kwenye kikaratasi, kama watu wanavyoonjesha ugoro.

Ajabu ni kwamba maziwa hakunywa. Miaka sita sikuwahi kumwona akinywa hata kikombe kimoja. Saa nne tulipopumzika, sisi tulijimiminia maziwa ya moto na viazi vya kuchemsha, yeye akanywa chai ya rangi yenye tangawizi, chungu, bila sukari. Mkamuaji wetu mkongwe, Mama Tulia, ambaye alikuwa na ruhusa ya kumtania kwa sababu walianza kazi mwaka mmoja, alimwambia, "Wewe Meneja utakufa hujui tunachouza." Akajibu kwamba fundi majeneza naye hajaribu kulala ndani.

Alikuwa mkali. Ukali wake ulikuwa kwa watu tu. Ng'ombe aliwasemesha kwa sauti ya chini, mchanganyiko wa Kibena na Kiswahili, akiwaomba radhi kabla ya kuwadunga sindano. Sisi hatukuombwa radhi. Kuna kijana mkamuaji alimpiga ng'ombe kwa kigoda cha kukalia, mbele ya kila mtu. Meneja alimfukuza dakika ile ile, hakumruhusu hata kumalizia ndoo. Tukamchukia kidogo, kwa kuwa kijana alikuwa na mke mjamzito pale Mjimwema. Baada ya mwezi nikakutana na yule kijana mjini, kanona. Akaniambia Meneja ndiye aliyemtafutia kazi kwenye mashamba ya chai, na alikwenda naye mwenyewe, akamsimamia mbele ya msimamizi wa kule akasema, "Huyu ni mchapa kazi, ila msimpe kitu chenye roho."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hatukuuliza.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliupiga marufuku shambani. Ng'ombe hapendi harufu yake, alisema, anabana maziwa. Lakini Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kibaraza cha jirani yake na vikombe vyake viwili vya ulanzi, si kimoja, si vitatu, na akifika nusu ya kile cha pili alivua viatu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kumwomba ruhusa. Mimi Mlutheri nilisali kwetu, kisha nikapanda bodaboda kumfuata pale kwa ajili ya likizo zangu. Alinitania kwamba Walutheri tunaimba vizuri kupita wao, bahati mbaya ng'ombe hawasikii kwaya. Ruhusa alitoa. Jumatatu alijifanya haikumbuki, na ilibidi nimkumbushe mbele ya Mama Tulia kama shahidi.

Jumamosi mchana ilikuwa siku ya watu wengine. Wafugaji wenye ng'ombe mmoja, wawili, walimfuata nyumbani na kukaa kwenye benchi mlangoni. Huyu ng'ombe wake hashiki mimba, yule ndama wake anaharisha, mwingine anataka kujua anunue mtamba wa nani. Walitoka mbali, wengine hadi upande wa Ludewa. Hakuwatoza kitu. Aliwauliza umeona nini, wakajieleza, akawajibu kwa maneno machache, wakaondoka wakitembea haraka. Mke wake aliniambia, akicheka, kwamba Jumamosi ikiwa na mvua na benchi likawa tupu, mzee anakosa raha, anazunguka nyumba akitafuta kosa la kila mtu. Benchi lile alikuwa amelitengeneza mwenyewe.

Nilitaka kuwa yeye. Niliiga hata namna ya kusukuma mavi kwa buti. Siku moja nilimuuliza meneja wa shamba anatakiwa kujua nini hasa, maana kwenye kitabu cha chuo kulikuwa na orodha ndefu. Tulikuwa tumeegemea uzio, tunatazama mitamba wakishushwa kutoka malishoni. Akasema anayejua ng'ombe ni mkamuaji, ndiye anayemshika kila siku. Anayejua majani ni mlishaji. "Meneja ni mtu wa kujibu. Likitokea jambo, watu wote wanageuka wanamtazama mmoja. Huyo ndiye." Nikaona ni jibu rahisi mno kwa mtu niliyemheshimu kiasi kile. Nilitegemea ataniambia kitu cha kitaalamu.

Sasa niseme lililotokea.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja na mvua zilikuwa zimechelewa. Malisho yalikuwa yamekauka, na marobota ya majani ghalani yalikuwa yamebaki ya wiki mbili. Dada yake Meneja akafariki kule Mlangali. Alinikabidhi funguo akiwa amevaa suti nyeusi, kofia mkononi. "Shamba lako," akasema. "Nitakaa matanga, nitarudi siku ya tano." Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia zaidi ya usiku mmoja. Nilisimama getini hadi gari lilipopotea, na ninakiri kwamba, pamoja na msiba wake, nilikuwa na furaha.

Ng'ambo ya uzio wetu, pale palipokuwa na viazi na mahindi, sasa kuna miparachichi. Njombe nzima sasa ni parachichi, hata mtu mwenye kiwanja cha kujenga choo anauliza bei ya miche. Siku ya pili wafanyakazi wa kule walikuwa wanapogoa. Msimamizi wao akaniita kwenye uzio.

"Dada, haya majani tunakwenda kuyachoma. Si uwapelekee ng'ombe?"

Niliyatazama. Yalikuwa ya kijani kibichi, mazito, yanang'aa, na nyuma yangu kila kitu kilikuwa rangi ya kahawia. Nikaleta trekta. Tela tatu. Tukayapitisha kwenye mashine ya kukatia majani, nikachanganya na majani makavu, na ng'ombe walipoyanusa na kuyaacha, nikayanyunyizia molasi. Hapo wakala. Niliwapa wale wa maziwa peke yao. Nilitaka Meneja arudi akute ndoo zimejaa kuliko alivyoziacha. Nilitaka aseme neno moja la sifa, hata kama lingekuwa la kunung'unika. Sikuonja. Nilikuwa na haraka, na ukweli ni kwamba nilimwonea aibu yule msimamizi aliyekuwa akinitazama.

Siku ya tatu viwele vilikuwa vimevimba, vigumu, na maziwa yakawa maji yenye mabonge, tena machache. Nikasema ni ugonjwa wa kiwele, nikakanda kwa maji ya moto, nikachoma sindano. Wote kwa pamoja? Sikujiuliza. Nilipiga simu Mlangali, haikupatikana. Siku ya nne wengine walivimba shingo na kifua, wakawa wanapumua kwa mdomo. Mama Tulia aliniambia, "Mwanangu, hii siyo ya kiwele." Nikamwambia aendelee kukanda. Jioni ile namba tisa alianguka, na asubuhi wakawa wawili.

Meneja alirudi mchana, bado ana suti ya mazishi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ng'ombe, akapita mstari wote. Kisha akaenda kwenye mashine ya kukatia majani, ambapo matawi machache yalikuwa yamebaki, akainama, akaokota jani moja, akalitia mfukoni. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale. Hakuniuliza chochote. Akavua koti la suti, akaanza kazi.

Walikufa saba. Wale waliopona wengi hawakurudisha maziwa msimu ule. Daktari wa mifugo alikuja akampasua mmoja nje ya banda, mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shamba aliyekuwa ameziba pua kwa leso. Ndani ya tumbo kubwa kulikuwa na vipande vya majani magumu, havijasagika.

"Haya majani gani?" daktari akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kupita kiasi, na ninakumbuka hewa baridi ikinigusa meno.

"Parachichi," Meneja akasema. "Niliagiza mimi, kwa simu. Huyu binti alitekeleza."

"Mzee, haya ni sumu kwa ng'ombe. Hukujua?"

"Niliagiza mimi," akarudia, akaenda kunawa mikono.

Hakukuwa na simu. Sisi wawili tu ndio tuliojua hivyo. Wafanyakazi waliniona nikileta majani na walikuwa na haki ya kuamini kwamba nilikuwa nimeagizwa. Kamati ilikaa mara mbili, ikampumzisha. Walitumia neno hilo, kumpumzisha. Miezi miwili baadaye wakaniteua mimi, wakisema nilikuwa mtii kwa amri mbaya na nilikesha na wagonjwa. Baba alichinja mbuzi kule Kidugala akaita watu. Nilikula ile nyama. Ilikuwa laini, na mchungaji aliomba vizuri.

Tangu hapo ndipo nilipokufa ganzi. Sikuwa na huzuni ya kulia wala usingizi haukunipotea. Nililala vizuri, nikaamka, nikatazama mavi. Nilikuwa nazalisha ng'ombe kwa mikono hii, na sikusikia lolote. Mama Tulia alistaafu, akaniaga kwa kunishika mashavu, nikamwambia asante na kurudi ofisini.

Habari zake yeye nilizipata kwa watu. Benchi lake lilikuwa tupu, Jumamosi za jua na za mvua. Mjini watu walikuwa wakitaniana: ng'ombe wako akikonda mpeleke kwa yule mzee akampe parachichi. Mtu mmoja aliniambia hayo ofisini kwangu, akitegemea nitacheka, na nilicheka. Baadaye nikasikia yeye na mkewe wamehamia kwa binti yao, Makambako. Sikumtembelea. Kila mwezi nilisema mwezi ujao.

Kiangazi kilichopita, wafanyakazi wa jirani walipoanza tena kupogoa, niliandika barua kwa kamati. Nusu ukurasa. Kwamba hakukuwa na simu, kwamba majani nilitafuta mimi, kwamba mzee alikuwa msibani na hakujua. Niliweka sahihi. Nikaitia kwenye mkoba, na ikakaa mkobani miezi minne kati ya daftari la kupandisha ng'ombe na kitambulisho cha kura.

Kisha nikaenda mnadani Makambako kununua mitamba.

Nilikuwa nimeshachagua wanne na nilikuwa natafuta kamba za kuwafungia. Mchuuzi aliyeniuzia mitamba akanionyesha kwa kidole mwisho wa uzio. "Nenda kwa yule mzee, kamba zake hazikatiki. Ila mama, nunua kamba tu, ushauri usichukue. Ndiye yule aliyewaua ng'ombe wa misheni."

Alikuwa amekaa kwenye gunia lililokunjwa, anasokota kamba ya katani, ncha moja ameibana kwa kidole gumba cha mguu. Amekonda. Koti ni lile lile. Alikuwa amesikia, maana mchuuzi hakupunguza sauti.

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba, binti. Marobota umeweka mangapi?"

Nikamtajia.

"Ongeza. Mwaka huu mvua itachelewa."

Mchuuzi alikuwa amenifuata, anacheka. Nikageuka nikamwambia, "Siyo yeye. Wale ng'ombe nililisha mimi. Yeye hakuwepo."

Miaka miwili nilikuwa nadhani nikisema maneno hayo kitu kitapasuka. Hakuna kilichopasuka. Mchuuzi alinitazama, akamtazama Meneja, akitafuta ni nani kati yetu anatania.

"Alikuwa msaidizi wangu," Meneja akamwambia, bila kuacha kusokota. "Ana huruma sana. Usimjali."

"Eeh, ni vizuri kumheshimu mzee," mchuuzi akasema, akaenda zake kwa wateja wengine.

Nikachuchumaa. Nikatoa barua, nikampa. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaivuta mbali na macho kwa kuwa hakuwa na miwani, akaisoma taratibu hadi kwenye sahihi. Akaikunja kama ilivyokuwa.

"Umeandika vizuri. Usiipeleke."

"Kwa nini? Watu wanakutukana hapa mbele yangu."

"Wanasema nililisha sumu. Sawa. Basi bado ni mimi niliyelisha. Wewe umeandika hapa 'hakujua.' Unataka wasome kwamba shamba lile lililishwa siku nne, ng'ombe wangu wanakula, na mimi sijui wanakula nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka miwili niliishi nikiamini kwamba alinihurumia. Nilikuwa nimejenga deni kubwa juu ya huruma ile, nikawa nalitazama kila asubuhi. Kumbe alikuwa hajanifikiria mimi kabisa. Nilisikia hasira, na nilishangaa, kwa sababu ilikuwa muda mrefu sijasikia kitu.

"Lakini hukujua, Meneja," nikasema. "Ulikuwa unamzika dada yako. Hukujua."

Aliendelea kusokota. Ng'ombe walikuwa wakilia nyuma yetu, mtu wa mnada anataja bei kwenye kipaza sauti. Kamba ikamponyoka kidoleni, nyuzi zikafunguka karibu pima nzima, akaziacha zifunguke.

"Sikujua," akasema.

Nikazishika zile nyuzi kwa mikono miwili, nikazilaza kando yake.

"Wala sumu sikuijua. Daktari aliniuliza mbele yenu nikakwepa. Binti, hata ningekuwepo mimi siku ile, ningewapa. Ningeyaona ya kijani hivyo, kiangazi kile, ningewapa wote, na mitamba pia." Akanirudishia barua. "Una kalamu?"

Nikamwambia ninayo.

"Ongeza hapo chini. Kwamba meneja ameulizwa, akasema hata yeye hakujua kwamba majani hayo yanaua, na angewapa. Andika kama nilivyosema. Usinipambie."

Niliandika juu ya goti, maandishi yakapinda. Aliisoma tena, akachukua kalamu, akaweka sahihi yake chini ya yangu, jina kamili. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa na vumbi la katani. Akanitazama kidogo, akaokota ile kamba iliyofunguka, akaibana tena kwa kidole cha mguu.

"Umenunua wangapi?" akauliza.

"Wanne."

"Basi kamba nne," akasema, akaanza kuzihesabu.